Kuuliza Si Ujinga, Ila Kanuni Iulize Mangapi?

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Kauli hiyo tumelelewa nayo tangu shule za msingi, na wengi wetu tungali twaitegemea kila tunaponyosha mkono katika ukumbi wa mihadhara. Hata hivyo, katika taaluma ya kuhifadhi matini kwa tarakilishi limezuka swali ambalo wahenga hawakulitarajia. Je, mashine inayopewa kazi ya kuzikagua matini zetu iruhusiwe kuuliza mangapi? Iulize tu iwapo ubeti una mishororo minne? Ama iulize pia iwapo vina vinaoana? Ama ipewe idhini ya kuuliza lolote, popote, mradi aliyeiandikia kanuni anajua kuuliza? Makala haya yanadhamiria kulijadili swali hilo na kulitolea msimamo. Yamkini msomaji atadhani kuwa hili ni swala la wanasayansi wa tarakilishi peke yao. Nia yangu ni kuonyesha kwamba linatuhusu sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili, tena kwa namna inayoweza kuzibadilisha matini zenyewe tunazokusudia kuzirithisha.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Neno uhakiki katika idara zetu humaanisha kuichambua kazi ya fasihi na kuitolea hukumu. Wataalamu wa data nao wana uhakiki wao, yaani kukagua iwapo data iliyoingizwa inalingana na kanuni zilizowekwa kabla. Kanuni hizo zikiandikwa kwa lugha iliyokubaliwa na wengi, hata programu tofauti zikaweza kuzisoma kwa maana moja, lugha hiyo huwa ni kiwango sanifu cha uhakiki. Lugha ya maulizo, kwa upande wake, ni lugha ambayo kwayo mtu huisaili data nayo ikamjibu: nipe beti zote zenye mishororo zaidi ya minne, nipe mishororo yote inayokomea kwa silabi fulani. XPath ni lugha ya kuulizia hati zilizoandikwa kwa mfumo wa XML. SPARQL ni lugha ya kuulizia data iliyopangwa kama utando wa taarifa zilizounganishwa. Lugha hizi mbili zina nguvu kubwa. Mzozo uliopo ni juu ya kiasi cha nguvu hizo kinachostahili kutiwa ndani ya kanuni za uhakiki.

Mfano wangu nautoa katika uwanja nilioupitia mwenyewe. Wanaohifadhi matini za fasihi kwa njia ya kitarakilishi duniani kote aghalabu hutumia mwongozo wa TEI, ambao chimbuko lake ni mwaka 1987 na ambao toleo lake la tano lilitolewa mwaka 2007. Katika mwongozo huo kila ubeti huwekewa alama yake, na kila mshororo alama yake. Nilipokuwa nikiandaa nakala za tenzi kwa ajili ya tasnifu yangu, niliufuata mwongozo huo, kisha nikaongeza kanuni zangu mwenyewe ili makosa ya uchapaji yasinipite. Kanuni ya kwanza ilikuwa nyepesi: kila ubeti uwe na mishororo minne, usizidi wala usipungue. Kanuni hiyo ilinifaa sana. Mara kadha iligundua mahali ambapo nilikuwa nimeruka mshororo kwa uchovu wa macho.

Kanuni ya pili ndiyo iliyonitia mashakani. Sote twajua kuwa utenzi, kwa kawaida, huwa na mizani 8 katika kila mshororo. Nami nikajiambia: silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, basi na tuondoe kila herufi isiyo irabu, tuhesabu zilizosalia, na jumla ikikosa kuwa 8 mashine ipige kelele. Ikapiga kelele kweli. Ilikataa mishororo ambayo sikio langu liliikubali bila wasiwasi. Nitatoa mshororo niliojitungia wenye tatizo lilo hilo: Mtoto wa Mwanakheri. Hesabu kwa vidole, ndugu msomaji: m-to-to-wa-mwa-na-khe-ri. Mizani 8 kamili. Lakini irabu ni 7 tu, kwa kuwa ile m ya kwanza ni silabi isiyokuwa na irabu. Mashine ikaniambia mshororo una upungufu.

Nakiri hapa jambo ambalo si la kujivunia. Usiku mmoja, nikiwa nimechoka kusoma ripoti ya makosa, nilikaribia kuusahihisha mshororo wa namna hiyo. Marekebisho yalikuwa rahisi ajabu. Ukiandika Mtoto wake Mwanakheri badala ya Mtoto wa Mwanakheri, irabu zinatimia 8 na mashine inanyamaza. Kumbe mshororo huo mpya una mizani 9! Kanuni yangu ilikuwa inaukataa mshororo mzima na kuupokea uliovunjika. Laiti ningaliubonyeza ule ufunguo wa kuhifadhi, mtunzi aliyefariki zamani, asiye na njia ya kujitetea, angalisingiziwa kosa la arudhi na mwanafunzi aliyedai kumhifadhi.

Nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya: nikaiongezea kanuni maswali. M ikifuatwa na konsonanti isiyo b, v, w wala y, nikasema, ihesabiwe kuwa mizani. Mtoto akapona, mke akapona, mtu akapona. Kisha nikakutana na neno mbuni. Mbuni akiwa ni yule ndege mkubwa asiyeruka, silabi ni mbili: mbu-ni. Mbuni ukiwa ni mti uzaao buni, silabi ni tatu: m-bu-ni. Mbuni akiwa ni mtu anayebuni jambo, silabi ni tatu vilevile. Herufi ni zile zile na mpangilio wake ni ule ule, ilhali mizani ni tofauti. Kinachotofautisha ni ngeli na maana, wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoonekana katika maandishi.

Hapo ndipo kishawishi kikubwa kilipokuja. Lugha ya maulizo inapoachiwa uhuru wake wote, huweza kuifungua hati nyingine na kuiuliza. Kwa nini basi kanuni yangu isiulize kamusi? Ningeandaa orodha ya nomino na ngeli zake, na kila mshororo ungekaguliwa kwa kulinganishwa na orodha hiyo. Nilianza kuifanya kazi hiyo, nikaiacha njiani. Sababu ya kwanza ni kuwa kamusi yenyewe ina mbuni zaidi ya mmoja, na kumchagua anayefaa ni kazi ya msomaji anayeuelewa ubeti. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kanuni ambayo jibu lake linategemea orodha iliyo nje ya matini hubadilika orodha inapobadilika. Utenzi uliokubaliwa jana ungekataliwa leo, na herufi moja haijaguswa ndani yake.

Tukio hilo dogo limenifunza kuyagawa maswali ya uhakiki katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maswali ya umbo: kipi kiko wapi, na ni vingapi? Ubeti una mishororo mingapi, utenzi una kichwa au hauna? Fungu la pili ni maswali ya ulinganisho: je, kitu hiki kilichomo humu kinalingana na kile kilichomo humu humu? Kina cha mshororo wa kwanza ni sawa na kina cha pili na cha tatu? Kina cha mshororo wa nne kinajirudia katika kila ubeti kama bahari ya tenzi inavyotaka? Fungu la tatu ni maswali yanayohitaji maarifa ya nje: neno hili ni la ngeli gani, mtunzi aliishi enzi gani, lahaja hii huitamkaje silabi hii? Msimamo wangu ni kuwa kiwango sanifu cha uhakiki kibebe mafungu mawili ya mwanzo kikamilifu, na fungu la tatu kilikatae, au kiliweke mlango wa mbali wenye bawabu.

Ili msimamo huo usionekane kuwa ndoto ya mwanafunzi mmoja, na tutazame jinsi viwango vilivyopo vilivyolijibu swali hili. Mkondo wa kwanza ni ule wa sarufi. Mfumo wa XML ulipopitishwa na shirika la W3C mwaka 1998 ulikuja na njia ya kuandika sarufi ya hati, yaani kutaja vipengele na mpangilio wake. Mwaka 2001 shirika hilo hilo lilipitisha XML Schema, na mwaka huo huo James Clark na Murata Makoto wakaungana kuunda RELAX NG, lugha ya sarufi iliyo nyepesi na yenye nadhari kubwa. Sarufi hizi hushughulikia umbo kwa ufasaha. Zikisaidiwa na ruwaza za herufi, zaweza hata kuhesabu irabu. Lakini mwulize RELAX NG iwapo kina cha mshororo wa kwanza kinaoana na cha pili, atakuangalia kama kiziwi. Sarufi husema kipi kikae wapi. Hailinganishi thamani ya kitu kimoja na ya kingine.

Mkondo wa pili ni Schematron, iliyobuniwa na Rick Jelliffe mwaka 1999 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Yeye alikwenda upande wa pili kabisa. Schematron haina sarufi yake. Kila kanuni ni ulizo la XPath au la lugha nyingine ya maulizo iliyotajwa mwanzoni mwa hati, pamoja na sentensi ya lugha ya kawaida inayomweleza binadamu kinachodaiwa. Kwa hiyo vina hulinganishwa, beti hulinganishwa, na ukitaka, milango ya nje hufunguliwa. Ni mkondo huu ndio uliokaribia kunipoteza. Inafaa kutaja kuwa mwongozo wa TEI huitumia mikondo yote miwili kwa pamoja: umbo huachiwa RELAX NG, na yale yasiyotamkika kwa sarufi huandikwa kwa Schematron.

Mkondo wa tatu ni wa wapatanishi. XML Schema toleo la 1.1, lililopitishwa mwaka 2012, liliruhusu madai yaandikwe kwa XPath, ila kwa mpaka mkali: dai lililowekwa juu ya kipengele huona yaliyomo ndani ya kipengele hicho tu. Aliyesimama ndani ya ubeti hauoni ubeti jirani. Anayetaka kulinganisha beti hana budi kupanda hadi kwenye shairi zima na kuliwekea dai lake huko. Mwaka 2017 W3C ikapitisha SHACL kwa ajili ya data ya utando. SHACL ina matabaka mawili. Tabaka la msingi halihitaji mtu ajue SPARQL: limeyateua maulizo yanayohitajika sana likayapa majina, kama vile idadi ya chini, idadi ya juu, sawa na, tofauti na, pungufu ya. Tabaka la pili huruhusu SPARQL kwa wenye haja nayo, lakini hata huko baadhi ya mambo yamepigwa marufuku, likiwemo lile la kuituma kanuni ikaulize hazina ya data iliyo kwingineko.

Naona kuwa mkondo huu wa tatu ndio uliokaribia haki, na sababu yangu naitoa katika taaluma yetu wenyewe. Washairi wetu waliyajua haya kitambo. Anayesema tarbia hana haja ya kueleza kuwa ubeti una mishororo minne. Anayesema takhmisa ameshasema mitano. Anayesema mtiririko ametoa dai la ulinganisho linalovuka beti zote, kwamba vina vya kati na vya mwisho havibadiliki tangu mwanzo hadi tamati. Naye anayesema ukaraguni amelikanusha dai hilo. Majina haya ni maulizo yaliyokwisha kukubaliwa na kupewa anwani. Mwanafunzi wa kidato cha pili huyaelewa, malenga wa Lamu huyaelewa, na wanaweza kubishana juu yake wakiwa wanazungumzia jambo moja. Hiyo ndiyo faida ya kuyapa maulizo majina badala ya kumwachia kila mtu aandike ulizo lake. Kanuni iliyoandikwa kwa jina husomeka na wengi. Kanuni iliyoandikwa kwa mistari ishirini ya XPath husomeka na aliyeiandika, tena kwa muda tu. Akiondoka chuoni, anaondoka na maana yake.

Isitoshe, kanuni zenye majina zina manufaa ambayo ulizo huria halina. Programu inaposoma kwamba ubeti ni wa mishororo minne, huweza kumwandalia mwandishi nafasi nne za kujaza kabla hajakosea. Huweza pia kulinganisha kanuni mbili na kugundua kuwa zinapingana. Ulizo huria halitoi fursa hiyo kwa urahisi. Mashine hulitekeleza na kupokea jibu la ndiyo au la, lakini haijui linadai nini.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao hazistahili kupuuzwa. Wa kwanza watasema kuwa nukta ya kuweka mpaka haipo: leo umeruhusu ulinganisho wa vina, kesho mtafiti wa nyimbo za taarabu atahitaji swali ambalo hukulifikiria, naye akilikosa katika kiwango ataandika programu yake ya faragha. Matokeo yake ni kanuni zilizofichwa mahali ambapo hakuna awezaye kuzisoma. Afadhali, watasema, lugha nzima ya maulizo iwekwe hadharani. Hoja hii ina uzito, nami naikubali nusu. Ni kweli kwamba kanuni iliyofichwa ni mbaya kuliko kanuni ngumu. Kwa sababu hiyo sipendekezi kuwa lugha ya maulizo ifukuzwe. Napendekeza iwe na chumba chake, chenye jina lake mlangoni, ili kila anayeingia ajue ametoka ukumbini. Swali likionekana linaulizwa na wengi katika chumba hicho, lipewe jina na kuhamishiwa ukumbini. Hivyo ndivyo bahari mpya za ushairi wetu zilivyopata majina: zilitungwa kwanza, zikazoeleka, kisha zikaitwa.

Wa pili watasema kinyume: umbo latosha, na maswali mengine yote waachiwe wahakiki wenye macho na masikio. Nao nawaheshimu, ila wanasahau wingi wa kazi. Mwenye beti mia mbili anaweza kuvikagua vina kwa macho. Mwenye tenzi kumi ndefu hawezi bila kupitiwa. Kosa la kunakili kina ni kosa la kawaida mno kwa wachapaji, na mashine hulibaini kwa wepesi kwa kulinganisha yaliyomo humo humo, bila kuhitaji maarifa yoyote ya nje. Kumnyima mwanafunzi msaada huo kwa kuhofia kuwa mashine itajifanya malenga ni sawa na kukataa mizani ya sokoni kwa kuwa haijui ladha ya embe.

Yapo pia masharti matatu ambayo, kwa maoni yangu, kila kiwango cha uhakiki kinachoruhusu maulizo hakina budi kuyatimiza. Sharti la kwanza: kila ulizo liandamane na ujumbe wa lugha ya binadamu unaoeleza kinachodaiwa na sababu yake. Schematron na SHACL zinaruhusu hilo, na ujumbe katika SHACL waweza kuwekewa alama ya lugha yake. Hakuna kinachotuzuia kuandika ujumbe huo kwa Kiswahili. Lau kanuni yangu ingaliniambia kwamba hesabu yake ni ya irabu wala si ya mizani, ningaligundua kosa lake mapema badala ya kulitafuta kosa katika utenzi. Sharti la pili: programu isiyolielewa ulizo fulani iseme wazi kuwa haikulikagua. Kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa kibali. Sharti la tatu: kanuni zitenganishe kosa na tahadhari. SHACL ina ngazi tatu, yaani taarifa, onyo na ukiukaji, na ngazi hizo si pambo.

Sharti hili la tatu linatupeleka moja kwa moja kwenye mjadala mkongwe wa idara zetu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko ukapamba moto. Wanafunzi wa vizazi kadha wameandika insha juu ya mgogoro huo, na kila mmoja amechagua upande. Mashine yenye kanuni ya kukagua mizani nayo huchagua upande, isipokuwa haiandiki insha ya kujitetea. Ukiipa idhini ya kuamua shairi ni lipi, umeumaliza mjadala wa zaidi ya nusu karne kwa mstari mmoja wa maulizo ambao hakuna mhadhiri aliyeusoma.

Wala waathiriwa si wanamabadiliko pekee. Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo hakuna atakayethubutu kuitoa katika hazina ya mapokeo. Mishororo yake ni ya mizani 10, wala si 8. Kanuni inayosema kuwa kila utenzi una mizani 8 ingeutangaza utungo huo wote kuwa ni makosa, ubeti kwa ubeti, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Anayeijua fasihi angecheka. Lakini ripoti za mashine aghalabu husomwa na mtu aliyeajiriwa kuingiza data, ambaye ameagizwa ahakikishe kuwa ripoti haina kosa hata moja. Huyo hatacheka, atasahihisha. Naye atasahihisha kwa bidii ile ile iliyonisukuma mimi kuandika wake badala ya wa.

Jambo la kutia moyo ni kuwa walioandika mwongozo wa TEI waliliona tatizo hili katika ushairi wa lugha nyingine. Mwongozo huo unampa mwandishi nafasi mbili tofauti: moja ya kuandika arudhi inayotarajiwa katika shairi, na nyingine ya kuandika jinsi mshororo husika ulivyotokea kwa hakika pale unapohitilafiana na arudhi hiyo. Kanuni ya uhakiki inayofaa, basi, isidai kuwa mshororo uwe na mizani 8. Idai kuwa, mahali ambapo msomaji ametaja hitilafu, hitilafu hiyo iandikwe katika nafasi yake. Dai kama hilo ni la umbo na ulinganisho. Mashine inaangalia iwapo binadamu ametoa hukumu yake, haimtolei hukumu. Mimi sasa nahesabu mizani kwa sikio, naandika idadi, na mashine inanikumbusha pale niliposahau. Irabu inazihesabu vilevile, lakini matokeo yake huja kama tahadhari ya kunifanya nirudie kusoma, wala si kosa la kunifanya nibadilishe.

Natoa wito kwa wanachama wenzangu na kwa wahadhiri wetu. Kazi ya kuzihamishia tenzi na mashairi yetu katika tarakilishi imekwisha kuanza, na kanuni zake zinaandikwa sasa, mara nyingi na watu wasiojua tofauti ya ukwapi na utao. Idara za Kiswahili zikae na wataalamu wa tarakilishi zikubaliane kuhusu msamiati mdogo wa kanuni zenye majina: idadi ya mishororo, idadi ya vipande, ulinganifu wa vina ndani ya ubeti, ulinganifu wa vina baina ya beti, kuwepo au kutokuwepo kwa kibwagizo. Majina mengi tunayo tayari. Walituachia watunzi wetu. Yaliyobaki, kama silabi ya m na ngeli ya mbuni, yaandikwe kama maelezo ya msomaji yenye jina la aliyeyatoa, ili mwingine aweze kumpinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ni kanuni zinazouliza mengi kuliko zinavyoweza kuelewa.

Alaa kulli hali, sidai kuwa nimelimaliza swali hili. Huenda mwenzangu anayeshughulikia methali, au yule wa isimu anayekusanya data ya lahaja, atakuwa na mafungu tofauti na haya matatu yangu. Nitafurahi kumsoma katika toleo lijalo. Mimi narudi kwenye tenzi zangu. Ule mshororo niliotaka kuurekebisha usiku ule ungali kama ulivyoachwa na mtunzi wake, na kila ninapoiendesha kanuni, mashine hunionya juu yake. Nimeliacha onyo hilo lilivyo, na kando yake nimeandika: mizani 8, m ni silabi.